Dakika Tano za Kinanda: Wasifu wa Marehemu Sirili Aloyce Msaki, 1949–2025

Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi ndugu zetu wa Kilutheri mliovuka bonde kutoka Marangu na ukungu huu wa Agosti, Bwana Yesu asifiwe. Wasifu huu unasomwa na Zita, mdogo wake marehemu, mwalimu mstaafu, ambaye wengi wenu hapa aliwafundisha na baadhi yenu aliwachapa. Paroko ameomba usizidi dakika kumi. Marehemu aliagiza usipunguzwe hata mstari mmoja, na sababu ya agizo hilo mtaielewa kabla hatujafika kaburini. Kati ya paroko na marehemu, leo Zita amemsikiliza marehemu. Paroko atuwie radhi.

Sirili alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Oktoba 1949, katika kihamba hiki hiki, shamba la ukoo tulimosimama, Kilema Kaskazini. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Aloyce Msaki na Mama Perpetua, na alibatizwa katika Parokia ya Kilema tarehe 30 ya mwezi huo huo. Zita alizaliwa miaka minane baadaye, akakuta kaka yake tayari ni tatizo. Kamba zote za waya zilizokuwa zimefunga banda la ndama alikuwa amezifungua, akazivuta juu ya debe la mafuta ya taa na kuzipiga kwa kidole. Ndama akatoka, akaingia kwenye kahawa, akala miche ya msimu mzima. Mzee Aloyce alimchapa, kisha akaliomba lile debe alisikilize mwenyewe. Mama alikuwa akisema kwamba tangu siku ile nyumba hii haikuwahi tena kuwa na kamba ya waya iliyokaa mahali pake.

Alisoma shule ya misheni hapa Kilema kuanzia mwaka 1957, akaendelea na shule ya kati, halafu mwaka 1965 akachaguliwa kwenda Shule ya Ufundi Moshi, ambako alihitimu ufundi umeme mwaka 1968. Hakuwa wa kwanza darasani, tusimpambe kwa sababu amelala hapa. Lakini kitu chochote chenye waya kilimtii. Mwaka 1969 aliajiriwa kuwa fundi umeme katika kiwanda cha kukoboa kahawa Moshi mjini, na huko alifanya kazi miaka thelathini na mitano bila kufukuzwa, hadi alipostaafu tarehe 31 Oktoba 2004. Palikuwa na mashine moja ya kuchekecha kahawa ambayo jino lake moja lilikuwa limevunjika, kwa hiyo ilikuwa ikipiga saba badala ya nane. Mafundi wenzake walitaka itengenezwe. Sirili aliwasihi waiache mpaka amalize kuisikiliza. Mdundo huo wa saba ndio uliokuja kuwatesa watu wa harusi, kama mtakavyosikia.

Ilikuwa Machi mwaka 1971 alipoitwa kurekebisha umeme katika kanisa moja la Kilutheri mjini Moshi. Akiwa juu ya ngazi, alimsikia kijana akifanya mazoezi ya kinanda. Kijana alianza na wimbo wa kitabuni, akatoka nao taratibu, akaenda mahali ambapo hakuna kitabu kilichowahi kufika. Sirili alikaa juu ya ngazi ile saa nzima, koleo mkononi. Mwishowe akauliza kutoka juu, "Bwana, huo wimbo una mwisho?" Kijana akajibu bila kugeuka, "Mwisho upo, ila sijaufikia." Huyo alikuwa Efraimu Eliona Lyatuu wa Mshiri, Marangu, mtoto wa Mwinjilisti Eliona. Tangu siku hiyo wakawa chanda na pete, Mkatoliki na Mlutheri, na kila mama akawa na wasiwasi wake.

Mwaka 1972 waliunda bendi, wakaiita Ukungu. Sirili alipiga gitaa alilolitengenezea amplifaya kwa mikono yake, Efraimu kinanda cha umeme, Julius Ngowi besi, na Isack Mlay drams. Julius alitutangulia mwaka 1994 na Isack mwaka 2011, Mungu awarehemu. Haikuwa bendi ya dansi, ingawa watu waliialika wakidhani ni ya dansi. Wimbo wao mmoja ulikuwa na sehemu sita, na mdundo ulikuwa ukibadilika kabla mguu haujatua. Katika harusi moja Kirua Vunjo, mwaka 1974, waliombwa wapige wimbo wa kuwaingiza maharusi ukumbini. Maharusi wakaingia kwa mdundo ule wa saba, wakafika meza kuu, wimbo bado. Wakazungushwa ukumbi mara ya pili, ya tatu, ya nne. Shangazi wa bibi harusi akaenda jukwaani na khanga yake begani, akamwambia Sirili kwa upole, "Mwanangu, hawa watoto wamechoka. Wimbo wenu hauna breki?" Sirili alikihadithia kisa hicho mpaka mwaka huu, na kila mara alikuwa akicheka kabla ya kukimaliza.

Agosti 1976 walijichanga wakaenda Nairobi, wakarekodi kwa siku tatu santuri yao moja na ya pekee. Upande mmoja wote ulikuwa wimbo mmoja, Mawenzi Aomba Moto. Ni ile hadithi tuliyolishwa sote na ndizi: Mawenzi alikuwa mvivu, kila siku moto wake umezimika, kila siku anakwenda kwa Kibo kuomba kaa la moto na kula chakula cha mwenzake, mpaka Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi, na ndiyo maana kilele chake kimechongoka vile. Katikati ya wimbo, baada ya kipigo, Efraimu alikuwa akipiga kinanda peke yake kwa dakika tano. Zilikuwa dakika za Mawenzi kutembea kurudi nyumbani. Efraimu alizijenga juu ya mluzi ambao baba yake, Mwinjilisti Eliona, alikuwa akiupiga akipogoa kahawa. Na Mwinjilisti, ambaye kwa miaka minne alikuwa hataki hata kusikia jina la bendi, alipoambiwa kwamba mluzi wake umo ndani ya santuri, alisema, "Basi ikija nileteeni, niisikie."

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu alisema Zita asiruke.

Novemba mwaka huo Sirili alirudi Nairobi peke yake kusimamia santuri zikichapwa. Fundi wa huko akamweleza kwamba upande mmoja ukizidi dakika ishirini na tatu sauti inafifia, na wimbo wao ulikuwa na dakika ishirini na nane. Dakika tano zitoke. Efraimu alikuwa Mshiri, simu hakuna, na mashine ilikuwa inasubiri. Sirili akachagua. Alikata dakika tano za kinanda, fundi akampa kile kipande cha kanda kimeviringishwa, akakirudisha nyumbani ndani ya kopo la biskuti. Miaka mingi baadaye alimwambia mkewe neno ambalo aliomba lisomwe leo: "Gitaa langu lilikuwa na dakika sita peke yake. Sikulipunguza hata sekunde."

Januari 1977 alivuka mpaka wa Holili na santuri arobaini za kwanza kati ya mia tatu. Jumapili ya tarehe 16, baada ya ibada, alipanda Mshiri na santuri moja kwapani. Alikuta Mwinjilisti ameketi sebuleni amevaa koti, majirani wamealikwa, chai imewekwa. Sirili hakuwa amemwambia Efraimu kitu. Alijidanganya kwamba watu watapiga soga na hakuna atakayetambua. Kumbe Mwinjilisti alikataza watu wasiongee, akasikiliza upande mzima mikono magotini. Kipigo cha Kibo kilipita, ghafla Mawenzi akawa yuko kwake, mluzi haukusikika. Wimbo ulipoisha mzee aligeuka, akamuuliza mwanawe kwa adabu kabisa, "Na ule wa kwangu, umeupiga upande wa pili?"

Efraimu alimtazama Sirili, akaona jibu usoni kwake. Akasema, "Bwana Sirili, chai ipo, kunywa kabla haijapoa," akatoka kwenda kuwakatia ng'ombe majani. Hakurudi ndani mpaka mgeni alipoondoka, na hakugusa tena kinanda cha Ukungu. Bendi ilikufa siku hiyo hiyo, juu ya kikombe cha chai. Mwezi uliofuata mpaka na Kenya ukafungwa, na santuri zile nyingine mia mbili na sitini zikabaki upande wa pili. Hatujui zilikoishia. Zile arobaini ziligawiwa, zikapotea, na nyingine Mama Perpetua alizifanya mifuniko ya mitungi ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Alisema hajawahi kuona mfuniko uliotengenezwa kwa akili namna ile, unaenea mdomo wa mtungi na una tundu la kupumulia.

Mama alikuwa na utani, lakini katika mambo mengine hakuwa na utani. Sirili aliporudi kutoka Mshiri na uso ule, alimtaka aeleze, akaeleza. Mama akamwacha karibu miezi mitatu aone aibu yake vizuri. Kisha Jumapili ya Pasaka, tarehe 10 Aprili 1977, baada ya misa ya kwanza, alikata tawi fupi la isale, akafunga fundo kwenye majani yake mawili. Wageni wetu kutoka mbali waelewe: isale ndilo hili jani refu mnaloliona limezunguka kihamba, ndiyo mipaka yetu na ndiyo uzio wetu. Lakini likifungwa fundo likapelekwa kwa mtu uliyemkosea, ni ombi la radhi, na Mchagga hakatai isale, hata kama umemchomea nyumba. Mkosaji halipeleki mwenyewe. Linapelekwa na mtu wa nyumbani kwake, linatiwa mkononi mwa aliyekosewa. Mama akamkabidhi Zita.

Zita wakati huo alikuwa na miaka ishirini, yuko likizo ya chuo cha ualimu, na alikuwa na viatu vipya. Masika ilikuwa imekolea. Alishuka bonde, akapanda Mshiri, akafika kwa Mwinjilisti ameloa chapachapa. Akabisha hodi mara tatu. Familia ilikuwa bado kanisani, mbwa wawili wakamjia getini, na yeye mbwa amewaogopa tangu akiwa mtoto na anawaogopa hadi leo. Kando ya geti palikuwa na pengo kwenye uzio. Akalichomeka lile isale kwenye tope la pengo lile, mahali ambapo aliona hata kipofu atalikuta, akarudi zake. Mama alipomuuliza, alisema, "Nimefikisha." Hakusema amempa nani. Mama alikuwa na wageni wa Pasaka, hakuuliza zaidi.

Hebu niambieni, ninyi watu wa mlimani. Ukichomeka isale kwenye uzio wa masale, na mvua ya masika inanyesha, nani atajua kwamba ni barua? Watu wa Mwinjilisti walirudi, wakaona pengo limezibwa, wakamshukuru Mungu au jirani. Fundo lilioza, tawi likashika mizizi. Na hapa Kilema, Sirili akangoja. Akangoja wiki, akangoja mwaka. Jibu halikuja, kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Basi akaamini ambacho mtu yeyote wa hapa angeamini, kwamba Efraimu amekataa isale.

Tarehe 26 Mei 1979, katika Parokia ya Kilema, Sirili alifunga ndoa takatifu na Victoria Sylvanus Kessy, mwanamke aliyemvumilia kwa miaka arobaini na sita bila kuhesabu ile ya uchumba. Mungu aliwajalia watoto watatu: Rogath, Gladys na Sylvanus. Bi Victoria anasema sebule yake haikuwahi kuwa na redio iliyofunikwa, zote zilikuwa wazi zinatengenezwa. Ni katika karamu ya harusi hiyo Zita alipomsikia baba mdogo akiwaambia watu, "Yule wa kinanda hayupo. Alikataa isale." Zita alikuwa ameshika sinia la nyama. Ndipo alipojua alichokifanya. Na hakusema. Alijiambia atasema kesho yake, halafu atasema Krismasi, halafu akapangiwa kufundisha Same, na aibu kadiri inavyokaa ndivyo inavyonenepa. Miaka yote hiyo alikuwa akiwachapa watoto wa watu kwa kusema uongo.

Neno likishatoka Kilema halina miguu lakini linafika. Mwinjilisti Eliona alifariki mwaka 1981 bila kuusikia mluzi wake. Efraimu aliendelea kupiga kinanda kanisani, akaoa Eunike, akalima, akawa mtu mwema kama mnavyomjua. Lakini mliomfahamu mtakumbuka kwamba wazee hawakumwita kamwe kwenye kikao cha kupatanisha watu. Mtu aliyekataa isale atawapatanishaje wengine? Hakuna aliyemwambia sababu. Yeye naye alikuwa na uchungu wake, kwamba rafiki yake amemwaibisha mbele ya baba yake na hata isale hakuleta. Walikuwa wakikutana sokoni Kiboriloni siku za gulio, mmoja akashika mstari wa ndizi, mwingine akashika mstari wa viazi, wakapishana. Bi Victoria aliwaona mara nyingi. Anasema wote wawili walikuwa wakigeuka nyuma, ila kamwe si kwa wakati mmoja.

Baada ya kustaafu marehemu alirudi hapa kihambani. Alifufua kahawa ya baba yake, akafuga ng'ombe wawili wa maziwa, akawafungia umeme majirani ambao baadhi walimshukuru kwa ndizi na baadhi kwa ahadi. Februari 2022 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi wa KCMC, na wale wa hospitali yetu ya hapa Kilema, waliomhudumia kwa miaka mitatu na nusu na kumvumilia alipokuwa akiwaelekeza jinsi ya kutengeneza mashine zao.

Machi 2023 Rogath alipata ujumbe kwenye simu kutoka kwa mgeni mmoja Mholanzi, mkusanyaji wa santuri. Alikuwa ameikuta Mawenzi Aomba Moto kwenye lundo la vitu chakavu Nairobi. Alisema huko kwao kuna watu wanaoitafuta kwa miaka, kwamba zinazojulikana kubaki duniani hazifiki kumi, na anaomba ruhusa ya wanabendi waliobaki aitoe upya. Rogath alimsomea baba yake hapo barazani. Zita alikuwa jikoni, anamenya ndizi za supu ya mtori, dirisha liko wazi.

Sirili akasema, "Mjibu kwamba haiwezekani."

"Kwa nini, baba? Watu wanawataka."

"Nusu ya muziki ule ni wa Efraimu, na kipande kilichokatwa ni chake chote. Mtu alikataa isale langu. Siwezi kwenda kumwomba sahihi mtu aliyenikatalia radhi."

Zita aliweka kisu chini. Alikuwa na miaka sitini na sita, amestaafu, amepewa cheti cha utumishi uliotukuka, na alijiona kama mtoto aliyeitwa ofisini. Alitoka na mikono yenye utomvu wa ndizi, akasimama mbele ya kaka yake, akamwambia yote: mbwa, mvua, pengo, viatu. Akangoja atukanwe. Swali la kwanza la Sirili lilikuwa moja tu.

"Kwa hiyo Efraimu hakunikatalia?"

"Hakulipata, kaka. Hajawahi kulipata."

Hapo mzee yule alilia. Kisha akaanza kucheka mpaka Rogath akaenda kumletea maji. Akasema, "Zita, ulivaa viatu vipya kwenda kupeleka isale kwenye masika? Wewe ulifaulu vipi ualimu?" Hilo ndilo tusi pekee alilompa, na Zita analishukuru mpaka leo, maana alistahili kubwa zaidi.

Walikwenda Mshiri pamoja, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 10 Aprili 2023, miaka arobaini na sita siku kwa siku. Sirili alishuka kwenye gari la Rogath na fimbo yake. Efraimu alitoka mwenyewe hadi getini, akasimama ndani, hakufungua. Sirili alimsukuma Zita mbele. Zita akamwamkia, akamweleza hapo hapo, huku akionyesha kwa kidole. Pale palipokuwa na pengo palikuwa na isale lenye shina nene kuliko mkono wa mtu mzima, limewapita wenzake wote kwa kimo.

Efraimu alilitazama kama analiona kwa mara ya kwanza. Akasema, "Hili? Hili kila mwaka nalipunguza, linarudi. Baba alikuwa akilipenda. Alisema limejiotea lenyewe, tusiling'oe. Mwaka wake wa mwisho alikuwa akitundika kofia yake hapa." Kisha akafungua geti. "Basi Sirili, nililipokea siku ile ile. Nimekutunzia."

Waliingia ndani, chai ikaletwa, na safari hii Sirili aliinywa.

Kopo la biskuti lilifunguliwa. Kanda ilikuwa imenata, mgeni Mholanzi akaja kuichukua, akaenda nayo kwao, akaioka katika joto dogo, na akaandika kwamba hiyo ndiyo dawa yake. Mama Perpetua angesikia kwamba Wazungu wanaoka muziki, angewapongeza. Santuri mpya ilifika hapa Mei mwaka huu, sasa ikiwa mbili ndani ya jalada moja, na wimbo una dakika zake zote ishirini na nane. Nyuma yake, jina la kwanza ni Efraimu Eliona Lyatuu. Sirili ndiye aliyeagiza iwe hivyo.

Jumapili ya tarehe 18 Mei 2025 Efraimu na Eunike walikuja hapa kuisikiliza. Efraimu alikuja na picha ya baba yake yenye fremu, akaiegemeza mezani mbele ya spika. Kipigo cha Kibo kikapita, na mluzi ule ukaingia kwa kinanda, taratibu, mtu anarudi nyumbani kwa miguu. Sirili, ambaye kwa wiki mbili alikuwa hawezi kusimama bila kushikwa, alishika fimbo yake akasimama. Akaiambia ile picha, "Shikamoo, Mwinjilisti. Dakika zako hizi hapa." Efraimu alikuwa ameshavua kofia, analia waziwazi, na Bi Eunike amemshika bega. Walipomaliza, waliusikiliza tena tangu mwanzo, na mtori ukaungua.

Julai, alipoona siku zimekaribia, marehemu alimwita Zita akaagiza wasifu huu. Alisema, "Watu wa huku wamesema miaka yote kwamba Efraimu alikataa isale. Wapo waliokufa wakiamini hivyo. Nikizikwa watakuwepo wote, wa Kilema na wa Marangu. Waambie. Mimi nilikata dakika tano, wewe ukakata neno moja, tazama yaliyotupata. Usikate kitu." Zita alimwomba walau viatu viachwe. Alikataa.

Basi sikieni, ninyi wazee wa pande zote mbili. Efraimu Eliona Lyatuu hakukataa isale la mtu. Kosa la kwanza lilikuwa la Sirili, naye amelikiri. La pili ni la Zita, naye analikiri hapa mbele ya jeneza, mbele ya paroko, mbele ya wanafunzi wake aliowachapa. Anawaomba radhi. Kuanzia leo, wenye kesi za kupatanishwa mnajua geti la kubisha hodi, na mbwa siku hizi hakuna.

Marehemu aliaga dunia Jumanne, tarehe 5 Agosti 2025, saa tano asubuhi, nyumbani kwake, akiwa ameshikwa mkono na mkewe, baada ya kupokea Mpako Mtakatifu. Ukungu ulikuwa mnene kama wa leo, mlima hauonekani. Neno lake la mwisho alimwambia Bi Victoria afunge dirisha, ng'ombe wanasikia baridi. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Ameacha mjane, Bi Victoria. Watoto watatu, Rogath, Gladys na Sylvanus. Wajukuu saba, ambao mmoja wao, Kindness, tayari amefungua redio ya bibi yake. Mdogo wake, Zita. Na rafiki yake, Efraimu, ambaye marehemu aliagiza aandikwe hapa pamoja na ndugu. Ameacha pia santuri moja ya zamani yenye duara la mbege upande wa kwanza. Sindano inaruka ikifika hapo. Ameagiza isioshwe.

Tunamshukuru Mungu kwa miaka sabini na mitano, na kwa miwili ya mwisho kuliko yote. Baada ya udongo kufukiwa, litapandwa isale kichwani pa kaburi, kama ilivyo desturi yetu. Mzee Efraimu amelikata asubuhi hii kwenye lile shina la getini kwake, na amelifunga fundo mwenyewe. Amelishika pale mbele, mnamwona. Atakuja nalo, atamkabidhi Zita, na Zita atalipokea kwa mikono miwili kabla halijagusa ardhi.

Aika, kaka, asante. Lala salama kihambani kwako. Safari hii limefika mkononi.